Skripti za nakala rudufu za kanzidata nyingi kwenye wingu: orodha yako inatoka wapi?

Mwanzisha uzi, Nyakato, Mwanza

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naleta kwenu jambo lililonigharimu siku tatu za kazi na heshima kidogo mbele ya mteja, nikiamini kwamba humu wamo wengi wanaotunza kanzidata za watu kwenye wingu kwa skripti walizoziandika wenyewe. Nitasema "nakala rudufu", ingawa ofisini sote tunasema bakapu. Wapo pia wanaosema chelezo, neno ambalo kamusi hulipatia pia maana ya boya, na kwa sisi wa kando ya ziwa maana hiyo haiko mbali na tunachokizungumzia.

Ninasimamia kanzidata 41 zilizomo katika seva 9 za RDS (huduma ya kanzidata kwenye wingu la Amazon), kanda ya Cape Town, nyingi zikitumia programu ya PostgreSQL na chache MySQL. Wenye nazo ni SACCOS, zahanati, shule na wanunuzi wa samaki. Kila usiku skripti moja ilikuwa inasoma faili liitwalo orodha.txt, mstari kwa mstari, na kwa kila kanzidata ikatoa nakala kwa pg_dump au mysqldump (amri za kunakili za programu hizo mbili), ikaibana na kuipeleka S3, hifadhi ya mafaili ya Amazon. Faili hilo nililiandika kwa mkono, na kila tulipopata mteja mpya niliongeza mstari. Au nilidhani niliongeza.

Mwezi uliopita, Ijumaa jioni, msaidizi wangu alitekeleza amri ya kufuta isiyo na sharti kwenye jedwali la mapokezi ya mizigo la mteja wetu mmoja, mnunuzi wa dagaa pale Mwaloni Kirumba. Hakuna aliyegundua mpaka Jumatatu alfajiri, karani wa mizani alipofungua ukurasa wa mizigo na kukuta mtupu. Nikaenda S3, folda ya mteja yule haipo. Alijiunga nasi Machi, seva yake niliiunda kwa amri badala ya kupitia kivinjari, na mstari wake katika orodha.txt haukuwahi kuandikwa. Nikakimbilia nakala zinazotengenezwa na RDS yenyewe, nikiwa na hakika kwamba zipo za siku 7. Kumbe siku 7 ndizo unazopewa ukiunda seva kupitia kivinjari. Ukiiunda kwa amri bila kutaja muda, unapewa siku 1. Jumatatu ile niliweza kurudi nyuma hadi Jumapili tu, na Jumapili jedwali lilikuwa limekwisha kuwa tupu.

Kilichotuokoa ni kaunta buku la karani: jina la mtumbwi, idadi ya magunia, uzito, vyote kwa penseli, kurasa zikinuka dagaa kiasi kwamba meza yangu inanuka mpaka leo. Yeye alisoma, mimi nikaandika, siku tatu.

Baada ya hapo nimeitupa orodha.txt. Sasa skripti inauliza wingu lenyewe lina seva zipi, kisha kabla ya kufanya lolote inanung'unika kuhusu zile zenye muda mfupi:

```
#!/usr/bin/env bash
set -euo pipefail

aws rds describe-db-instances \
  --query 'DBInstances[].[DBInstanceIdentifier,BackupRetentionPeriod]' \
  --output text |
while read -r seva siku; do
  if [ "$siku" -lt 7 ]; then
    echo "TAZAMA: $seva inahifadhi siku $siku tu"
  fi
done
```

Zingatieni kwamba orodha ina ngazi mbili. Amri hii inataja seva, lakini pg_dump hutoa kanzidata moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo ndani ya kila seva ya PostgreSQL inabidi kuuliza tena jedwali la pg_database ili kupata majina, ukiruka violezo pamoja na ile iitwayo rdsadmin, ambayo ni ya mtoa huduma na hutaruhusiwa kuigusa. Usipoiruka, skripti itakwama hapo kila usiku.

Naomba maoni yenu kuhusu muda mzuri wa kuiendesha, namna ya kufuta nakala za zamani, na namna ya kujua kwamba kazi imefanyika kweli.

Mchangiaji wa Bukoba

Mkuu, pole kwa yaliyokukuta, na hongera kwa kuyasema hadharani. Nianze na swali lako la mwisho.

Nimefurahi kuona "pipefail" katika mstari wa pili, kwa sababu mimi niliishi miezi minne bila hiyo. Nilikuwa nimeandika pg_dump, kisha bomba (alama ya kupitisha matokeo kwa amri inayofuata), kisha gzip ya kubana, kisha faili. Siku moja nenosiri la kanzidata lilibadilishwa na pg_dump ikakataliwa mlangoni, lakini gzip haikuwa na habari hiyo: ilipokea utupu, ikaubana utupu, ikamaliza salama. Kwa kawaida hali ya bomba zima huhesabiwa kwa amri ya mwisho, hivyo skripti iliripoti mafanikio kila siku. Nilipokuja kufungua folda nikakuta safu ndefu ya mafaili yenye tarehe nzuri, kila moja likiwa na baiti 20. Baiti 20 ndio ukubwa wa faili la gzip lisilo na kitu ndani. Tangu hapo skripti yangu inalinganisha ukubwa wa nakala ya leo na wa jana, na ikipungua zaidi ya robo, inanipigia kelele kwa ujumbe wa simu.

Nasema ujumbe wa simu kwa makusudi. Tarehe 31 Januari 2017 GitLab, kampuni ya kuhifadhi msimbo wa programu, walifuta kwa bahati mbaya data ya kanzidata yao kuu, na walipozitafuta nakala zao za pg_dump hawakuzikuta. Amri iliyokuwa ikitumika ilikuwa toleo la 9.2 wakati kanzidata ilikuwa 9.6, kwa hiyo ilikuwa inakataa kila mara, na barua pepe za kuwaarifu zilikuwa zinarudishwa na mfumo wa kupokea barua kabla hazijamfikia mtu. Walinusurika kwa nakala ya diski ya saa 6 kabla, ambayo mhandisi mmoja aliichukua kwa kazi nyingine kabisa. Waliyaandika haya yote wao wenyewe, na ndiyo maana nawaheshimu.

Kwa hiyo usitegemee skripti ikuarifu inaposhindwa, maana skripti isiyoanza kabisa haiwezi kutuma chochote. Weka mahali pengine kitu kinachosubiri salamu yake ya kila alfajiri, na kisipoisikia kikupigie.

Mchangiaji wa Musoma

Kaka wa Nyakato, kuhusu muda naomba nikupe kisa cha ofisini kwetu, ambacho naamini hakiwezi kumtokea mtu asiyesoma saa kwa Kiswahili.

Tulikubaliana katika kikao kwamba nakala zitolewe saa nane usiku. Kijana aliyepewa kazi akaandika katika cron, ratiba ya kazi za seva, "0 8 * * *", yaani saa 08:00. Nane ni nane. Seva nayo, kama ilivyo kwa seva nyingi za wingu, ilikuwa inafuata saa za UTC (saa za kimataifa), ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Matokeo yake pg_dump ilikuwa inaanza saa tano asubuhi, foleni ya dirishani ikiwa imefika mlangoni, na kwa wiki mbili tulimlaumu mtoa intaneti bure.

Saa nane usiku ya kwetu ni saa 23:00 ya UTC, tena ya siku iliyotangulia, na hapo pana mtego wa pili. Skripti ikilipa faili jina kwa tarehe ya seva, nakala iliyotolewa alfajiri ya tarehe 15 itaitwa ya tarehe 14. Mtu akiitafuta kwa haraka, mikono ikitetemeka, atarudisha nakala ya siku isiyo yake. Sisi sasa tunaandika tarehe na saa kamili katika jina la faili, na mwishoni tunaweka herufi Z ili ijulikane kuwa ni UTC.

Mwanzisha uzi

Dada, ahsante. Nimecheka, kisha nikaenda kuangalia cron yangu kabla ya kuendelea kucheka.

Kwetu kuna jambo la ziada. Mfumo wa mizani wa pale Mwaloni haufuati saa za ofisi, unafuata mwezi. Katika siku za giza mitumbwi ya dagaa hurudi na mzigo alfajiri na mfumo hauna pumzi hadi saa nne asubuhi. Mbalamwezi ikikolea wavuvi wengi hupumzika, na kanzidata hiyo inaweza kukaa karibu kimya. Cron haijui mwezi umefika wapi. Kazi nzito za mteja yule, kama kuhamia toleo jipya, nimeanza kuzipanga kwa kutazama juu.

Mchangiaji wa Geita

Nijibu la kufuta, kwa kuwa hapo ndipo nilipoumia.

Nina seva 26 katika kanda moja. Niliamua kwamba pamoja na nakala za RDS zenyewe, skripti ichukue snapshoti (picha ya seva nzima kwa wakati mmoja) ya kila seva kila usiku kwa create-db-snapshot. Siku tatu za kwanza mambo yalikwenda. Usiku wa nne zilifanikiwa 22 na nne za mwisho zikakataliwa, kwa sababu akaunti huanza na kikomo cha snapshoti 100 za kuomba mwenyewe kwa kila kanda. Zile za RDS zenyewe hazihesabiwi humo. Unaweza kuomba waongeze, lakini mimi sikujua hata kwamba kikomo kipo. Nikaandika skripti ifute za zamani kadiri nafasi inavyohitajika. Sasa angalieni ujinga wangu: skripti ilikuwa inapanga majina kwa alfabeti na kufuta baada ya kuchukua, siyo kabla, kwa hiyo waliokosa kila usiku walikuwa wale wale wa mwisho. Kwa Kiswahili jina linaloanza na Z ni zahanati. Zahanati tatu hazikuwa na snapshoti mpya kwa mwezi mzima.

Kosa kubwa zaidi, ambalo nililiona kwa mwenzangu, ni kufuta kwa umri peke yake. Skripti yake ilisema "futa kila kilichozidi siku 30". Utengenezaji ukakwama bila mtu kujua, ufutaji ukaendelea na kazi yake kwa uaminifu, na baada ya siku 30 folda ikabaki tupu. Andika sharti kwamba nakala 7 zilizofanikiwa mwisho hazifutwi hata zikizeeka kiasi gani, na kwamba usiku ambao nakala mpya haikupatikana, hakuna kinachofutwa.

Nina wateja wawili pia kwenye Azure SQL, huduma ya kanzidata ya Microsoft. Kule muda wa kurudi nyuma ni kati ya siku 1 na 35, na ukitaka zaidi kuna hifadhi ya muda mrefu inayofika miaka 10, lakini lazima uiwashe mwenyewe kwa kila kanzidata. Zikiwa nyingi, kazi hiyo ni ya skripti.

Mchangiaji wa Nyegezi

Shikamooni wakubwa. Mimi bado mwanafunzi. Naomba kuuliza: kama mtoa huduma anatengeneza nakala mwenyewe na tunaweza kumwambia azihifadhi siku 35, kwa nini tujitese na pg_dump?

Mchangiaji wa Bukoba

Marahaba kijana wangu. Swali lako ni zuri, na wako watu wazima wanaoliogopa.

Nakala za mtoa huduma ni bora kwa ajali za kila siku, kwa sababu RDS hupakia kumbukumbu za miamala kila dakika 5, nawe unaweza kurudi hadi dakika chache kabla ya kosa. Pg_dump ya usiku haiwezi hilo. Lakini nakala hizo ziko ndani ya akaunti ile ile. Ukifuta seva bila kuomba zibakizwe, zinaondoka nayo. Akaunti ikifungwa au ikiibiwa, zimekwenda. Machi 2021 jengo la seva la OVH, mtoa huduma za wingu wa Ufaransa, kule Strasbourg liliteketea, na waliokuwa wameweka nakala zao eneo lile lile na seva zao walipoteza vyote viwili. Mei 2024 mfuko wa pensheni wa UniSuper wa Australia ulikuta mazingira yake ya seva kwenye Google Cloud yamefutwa kwa kosa la mipangilio, na mojawapo ya yaliyowasaidia kurudi ni kuwa na nakala kwa mtoa huduma mwingine.

Wewe weka vyote viwili. Faili la pg_dump unaweza kulibeba hadi kwa mtoa huduma mwingine au hadi kwenye kompyuta iliyo chini ya meza yako, na litafunguka.

Mchangiaji wa Sengerema

Mkuu mwanzisha uzi, nina mawili kuhusu skripti yako.

La kwanza ni mzunguko wa "while read". Kwa sasa ndani yake una echo tu, kwa hiyo uko salama. Siku utakayoweka humo amri inayosoma ingizo, kwa mfano ssh ya kuingia seva nyingine, amri hiyo itaimeza orodha yote iliyobaki, na mzunguko utaishia kwenye seva ya kwanza bila kosa lolote kuonekana. Mimi nilikuwa na seva 14 na kila usiku ilihudumiwa moja, ile ya kwanza, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo niliyokuwa naikagua. Dawa ni kuandika "< /dev/null" mwishoni mwa amri hiyo. Na ukitaka kuziendesha kwa pamoja, xargs -P 4, yaani nne nne, inatosha. Usizirushe zote 41 kwa mkupuo.

La pili ni kubwa zaidi. Umesema orodha sasa inatoka kwenye wingu lenyewe. Siyo kweli, inatoka kwenye kanda moja. Describe-db-instances hujibu kwa kanda uliyoitaja tu, au ile iliyoandikwa katika mipangilio yako. Izungushe skripti katika kanda zote zilizo wazi kwa akaunti yako, ambazo utazipata kwa "aws ec2 describe-regions", kisha utueleze umekuta nini.

Mchangiaji wa Ilemela

Kwa ufupi, kwa kuwa wengi hapa wanatunza taarifa za wagonjwa na wanachama: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ina masharti kuhusu kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi, na nakala rudufu ni taarifa zile zile. Skripti inayonakili snapshoti kutoka Cape Town kwenda Ulaya inasafirisha majalada ya wagonjwa. Zungumzeni na wateja wenu kabla, kwa maandishi.

Kiufundi, snapshoti iliyosimbwa haivuki kanda bila ufunguo wa KMS (huduma ya Amazon ya funguo za usimbaji) wa kanda inakokwenda, na iliyosimbwa kwa ufunguo wa kawaida wa RDS haiwezi kushirikishwa akaunti nyingine kabisa. Tengenezeni ufunguo wenu tangu mwanzo. Na mtumiaji wa skripti apewe ruhusa ya kuweka faili S3 bila ruhusa ya kufuta, huku utunzaji wa matoleo ukiwa umewashwa, maana anayeweza kuweka anaweza pia kuweka juu ya lililopo.

Mchangiaji wa Bukoba

Naongeza moja kisha niwaachie. Kila Jumamosi skripti yangu inachagua kanzidata moja kwa bahati nasibu, inaipakua, inairudisha kwenye seva ya muda kwa pg_restore, inahesabu safu za majedwali matatu makubwa, na inaandika tarehe ya rekodi ya mwisho iliyomo. Mara ya kwanza ilishindwa, kwa sababu pg_dump haibebi watumiaji wa kanzidata. Hao hutolewa kwa pg_dumpall --globals-only, na kwenye RDS lazima uongeze --no-role-passwords kwa kuwa hupewi mamlaka kamili ya msimamizi. Majedwali yalirudi, wenyewe hawapo. Mara ya pili ilifanikiwa, ila nilisahau kuizima seva ya muda, na ankara ya mwezi ule niliilipa kutoka mfukoni mwangu bila kumwambia mama watoto.

Mwanzisha uzi

Ndugu zangu, nimefanya kama alivyoelekeza mchangiaji wa Sengerema. Jana usiku nilizungusha skripti katika kanda zote. Cape Town zilitoka seva 9 kama nilivyotarajia. Ireland ikatoka moja.

Sikuwahi kuiunda. Jina lake ni la shule ya kule Ukerewe ambayo tulirithi mfumo wake kutoka kwa fundi aliyenitangulia, na nilidhani tulishaihamishia Cape Town yote. Nimempigia mhasibu wa shule leo asubuhi: ada bado wanaziingiza huko huko, hii ya Cape Town wanaitumia kwa matokeo tu. Muda wa nakala ni siku 1, na majedwali ni ya MyISAM, aina ya majedwali ya MySQL isiyo na miamala, ambayo mysqldump --single-transaction haiyahakikishii kitu, kwa hiyo inabidi kuyafunga wakati wa kunakili.

Nimeongeza muda hadi siku 35 na kuchukua snapshoti kwa mkono. Nakala ya mysqldump imetoka saa saba mchana, walimu wakiwa mapumzikoni, megabaiti 212 baada ya kubanwa. Sasa hivi inarudishwa kwenye seva ya muda, na nimebandika karatasi kwenye kioo cha kompyuta ya kunikumbusha kuizima.